Shingo Saba za Baba Mkwe

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na mbili. Hapana, ishirini na tatu. Ishirini na mbili tulikuwa tunahesabiwa sensa. Basi mwaka huo Kornelio, mchoraji wa sura za watu pale Kiwalani, aliniomba niwe mshenga wake kwa Noela, binti wa Mzee Fransis.

Kornelio ana falsafa yake, mie simbishii. Anasema mtu hatulii, kwa nini picha yake itulie? Ukimpelekea sura moja anakurudishia nne, na masikio ya akiba. Wateja walimpenda sana, kwa mbali.

Mzee Fransis amechonga vinyago vya mpingo tangu ujana wake Masasi, na vyote vimetulia. Akaniambia hatoi binti kwa kazi asiyoielewa. Kijana amchore yeye kwanza, ukoo uone, ndipo atajibu posa. Akavaa suti aliyoolea, akakaa kwenye kiti cha plastiki kama anasubiri hukumu.

Kornelio akamwamkia, kisha akamwomba asikae. "Fanya unavyofanyaga kila siku, mzee. Mie nachora muda unavyopita."

Siku ya kuonyesha, ukoo ulijaa sebuleni. Kitambaa kikaondolewa. Mzee alikuwa na shingo saba, moja ya mwanga wa asubuhi, nyingine ya adhuhuri, ya mwisho taa zimeshawashwa, na zote zimerefukia upande mmoja, juu ya ukuta wa jirani. Suti ilitoka vizuri.

Ng'ambo ya ukuta ule anaishi Bi Yasmini, mjane, mkaanga vitumbua.

Mama Noela aliitazama picha kwa heshima zote. "Baba Noela, hizi shingo zinatafuta nini kwa Yasmini?"

"Hiyo sanaa ya kisasa. Huwezi kuielewa."

"Nimeielewa. Na huyu kijana ana macho. Mwanangu aolewe na nani tena, kipofu?"

Mzee, aliyeamka na masharti mengi kuliko benki, akakubali posa palepale kwa sharti moja: picha iondoke na bwana harusi. Mama Noela akasema inabaki, mbele ya kiti cha mzee. Ikabaki.

Kornelio akikunja kitambaa chake, nikamvuta pembeni nikamuuliza jambo ambalo mpaka leo, akiwa ameshakuwa mume wa mtu, hunijibu kwa kuniagizia soda: mwanangu, kabla hujashika brashi, ulijua ule ukuta ni wa nani?