Kamba ya Mafundo ya Combo

Mume wangu Combo, kuli wa bandari ya Mutsamudu, hakuwa mtu wa siri. Siri inataka maneno ya kuifunikia, na yeye maneno hana. Alitoka kazini, akala, akaswali, akalala. Nyumba ni yangu, nimepewa na mama, maana kwetu Nzwani, huku Komoro, mwanamke ndiye mwenye nyumba na mwanamume huja kuoa humo. Basi mume akianza kubadilika ndani ya nyumba yangu, mie nitauliza. Nisipouliza, jua nachunguza. Miye nimelelewa Unguja, mdomo huu sikuuokota njiani.

Ilikuwa baada ya uhuru, enzi ya rais Ali Soilih, pale Combo alipoanza kuchelewa. Anaingia magharibi imeshapita, mikono mibichi, na kwenye kucha ana udongo. Udongo! Kuli ananuka grisi, anatapakaa unga wa magunia, sawa, lakini udongo kauchimba wapi? Namuuliza, "Baba Zaharia, siku hizi meli inashusha mashamba?" Ananijibu, "Kazi nyingi, mama Zaharia." Roho ikaniingia mdudu.

Siku moja kaenda kuoga, nikapekua mfuko wake. Yarabi! Nikashika kamba fupi, nene, ina mafundo makubwa yaliyokazwa, imelowa mate, nyuzi zimechambuka. Nani kwetu asiyejua kamba ya mafundo yenye mate ni ya nini? Kuna mwanamke, nikasema, na huyo mwanamke ana mganga, na mume wangu kafungwa humo. Ningepiga kelele mji mzima usikie, ila wakati ule vijana wa kamati za serikali walikuwa wanawasaka waganga. Wakimpata mmoja wanamnyoa, wanampaka masizi, wanamtembeza mitaani akizomewa. Nikairudisha kamba mfukoni. Kesho yake nikajitanda nguo yangu ya shiromani, nikamfuata kwa nyuma.

Akapanda mpaka Hombo, kwenye nyumba tupu ya Mfaransa mmoja aliyeondoka na wenzake wote. Combo ndiye aliyembebea masanduku. Akazunguka uani. Nami huyo, nyuma ya ukuta, kiatu mkononi, niko tayari kumtoa yule mwanamke nywele.

Akatoka mbwa.

Mbwa wa manjano, mzee, sikio moja limelala. Combo akairusha ile kamba, mbwa akaikimbilia, akairudisha. Wakavutana, huku mtu na huku mbwa. "Acha," akasema Combo, mbwa akaiachia, akakaa kitako. Kisha mume wangu, ambaye hata mtoto wake mwenyewe hajapata kumtazama meno, akamfunua mbwa mdomo, akaanza kumkagua jino moja moja.

"Combo!" nikapaza sauti. "Mbwa? Unaniingizia najisi nyumbani kwangu?"

Alishtuka, lakini hakukimbia. "Sijakuingizia. Naosha mkono mtoni mara saba, moja kwa udongo, ndipo nakuja."

Kumbe ule udongo.

Sijapata kumsikia akisema maneno mengi kama siku ile. Mbwa anaitwa Biju, kaachwa na yule Mfaransa, pamoja na mpira na kamba. Fizi zilimvimba, akawa analia ovyo. Na mnajua amri iliyokuja kutoka Moroni, mbwa wote wauawe. Watu walinong'ona ati rais kaaguliwa kwamba atauawa na mtu mwenye mbwa. Makubwa haya! Wanawanyoa waganga, na ramli wanaiogopa.

"Akitafuna kamba, meno yanasafika na fizi zinatulia," Combo akasema. "Mpira nilimnyang'anya, unadunda, unasikika. Kamba haina sauti. Nimemfunza kucheza bila kubweka. Akibweka tu, wanakuja."

"Tabu gani hii kwa ajili ya mbwa?"

"Siku Mfaransa alipoondoka, mimi ndiye niliyefunga mlango, yeye yuko ndani analia," akasema. Nikashuka Mutsamudu nimekasirika, lakini sikumwambia mtu.

Aliyesema ni jirani yetu Moinaidi, mwenye jicho linalopita ukutani. Aliiona ile kamba ikichungulia mfukoni, akapeleka habari. Vijana wakaja mchana, mbele yao Chamsidine, bunduki begani. Wakamwaga mfuko.

"Mafundo haya umemfungia nani?"

Combo kimya. Nikafungua mdomo, akanitazama, akatikisa kichwa. Nikaelewa. Akisema ya nani, mbwa amekufa. Asiposema, yeye ni mganga. Mpumbavu! Nilitaka kumzaba kofi, na nilitaka kumkumbatia.

Wakamnyoa pale pale mlangoni kwangu, wakampaka masizi ya chungu changu mwenyewe, kamba wakamning'iniza shingoni. Wakamtembeza huku watoto wanapiga makopo, mpaka Hombo. Nilifuata nikilia. Walipoikaribia ile nyumba, nikaona Combo anainamisha kichwa, anaharakisha hatua.

Biju alikwishaiona kamba.

Alitoka bila kubweka, kama alivyofunzwa. Akapita katikati ya miguu ya watu, akaruka, akaishika kamba shingoni kwa Combo, akaanza kuvuta, mkia unacheza. Zomeazomea ikakatika. Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, hata Chamsidine. Mganga gani huyu! Wakamwachia mume wangu.

"Acha," Combo akasema. "Acha, nenda."

Biju akaiachia, akakaa kitako. Kwenda hakufunzwa. Chamsidine akaiokota kamba, akatangulia nayo kuelekea ufukweni, na mbwa akamfuata mwenyewe akiitazama kamba mkononi mwake. Hakuna aliyehitaji kumburuta. Tulisikia mlio mmoja wa bunduki.

Kesho yake Combo alirudi mapema kutoka bandarini. Nilimtazama kucha, nikaziona safi, nikakaa chini nikalia.