Fimbo Yangu na Utando wa Seli

Mjukuu wangu wa kike alibakiza jambo moja tu ahitimu chuo kikuu: kusimama mbele ya walimu wake na kueleza jinsi seli inavyouziba utando wake wa nje ukichanika. Mara ya kwanza alisahau nusu ya maneno, wakamrudisha. Mara hii ilikuwa ya mwisho.

Akaniomba nimsikilize. Nimefundisha watoto Kurani hapa mtaani Kisenyi tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na njia ninayoijua ni moja. Msomaji akiruka neno, nagonga sakafu kwa fimbo, naye anarudi mwanzo. Simwambii alipokosea. Atapaona mwenyewe, Mungu akijaalia.

"Seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta," akaanza. "Ukichanika, kalsiamu iliyo nje inaingia ndani, na hiyo ndiyo inayopeleka habari. Vifuko vidogo vya ndani vinakimbilia penye tundu, vinajishikiza, vinakuwa kiraka. Kingo zilizoharibika zinatupwa nje. Yote hayo ni upesi upesi, la sivyo seli inamwaga vya ndani na kufa."

"Kama mafundi wa matairi hapo nje," nikasema.

"Wale wanakuambia urudi kesho, Babu."

Bibi yake akapaza sauti kutoka jikoni: "Kanzu ya babu yako ina tundu tangu Ramadhani. Hiyo kalsiamu haijamfikia?"

Tukarudia wiki nzima. Akaniambia kwamba hata nikisujudu na kuinuka, baadhi ya seli za misuli yangu huchanika na kujiziba. Kumbe nimekuwa nikitiwa viraka miaka yote hii bila kushukuru! Nikaongeza rakaa mbili, kisha nikajiuliza kama sikuongeza na matundu.

Siku yenyewe niliketi nyuma kabisa ya ukumbi, fimbo katikati ya magoti. Alieleza kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Lakini kalsiamu ni kalsiamu kotekote, nikawa naisubiri. Mikono yake ikaonyesha utando unachanika. Ikaonyesha vifuko vinakimbia. Kalsiamu kimya.

Kabla sijajizuia, fimbo ikagonga sakafu. Ta!

Ukumbi mzima ukageuka. Nilitamani kujificha ndani ya kilemba changu. Mjukuu wangu akaanza upya kabisa, hata salamu kwa walimu akazirudia. Safari hii kalsiamu iliingia kwa wakati wake.

Mwalimu wao mkubwa akasema jambo, watu wakaangua kicheko. Tulipotoka nikauliza alisema nini.

"Ameuliza yule mzee ni profesa wa chuo gani. Alikuwa ameshaandika swali la kuniuliza: nani huviambia vifuko kwamba kuna tundu?"

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba ni babu yangu, na kila aliyesoma kwake akisikia fimbo ile hurudi mwanzo, hata akiwa amezeeka." Akanishika mkono. "Wamenipitisha, Babu."

Nikashuka pale pale kwenye majani kusujudu sijida ya shukrani. Magoti yakalia kama mlango wa zamani.

"Taratibu," akasema, "unachana seli."

"Ziache," nikamwambia. "Zenyewe zinajua kazi yao."