Kudra Niliyompikia Binti Yangu

Tuliokuwa kwenye ua wetu, mtaa wa Atlabara, korona ilipofunga njia tulikuwa wanne: mimi, binti yangu wa mwisho, aliyepasuliwa moyo Kampala mwaka uliotangulia, akawekewa vali ya chuma, mumewe ambaye ni dereva wa lori, na wifi yangu, dada wa marehemu mzee wangu. Majina yao ninayo yote, hata la nesi aliyemtoa nyuzi, ila wenyewe wameomba nisiyaandike.

Binti alimeza kidonge kila jioni ili damu isigande kwenye ile vali. Na kila mwezi alipanda basi kwenda Kampala kupimwa damu. Mpaka wa Nimule, njia ya kwenda huko, ulipofungwa, mabasi yakasimama. Vidonge tulivipata, maana malori ya mizigo yalipita na mkwe wangu ana wenzake. Lakini mtu wa kupimwa hapakiwi kama mzigo.

Nyama tukaisahau. Nikapanda kudra, ile mboga ya kuteleza tunayoipika na karanga. Kwetu mgonjwa hupewa kudra imwongezee damu. Nikampikia mchana na jioni, wiki tatu nzima.

"Mama, hii ni dawa ama ni adhabu?"

"Kula. Uso umekuwa kama jivu."

Wifi akacheka. "Ongeza tu, wifi. Kesho ataamka analia mee!"

Asubuhi moja kikombe cha chai kikamponyoka. Akakiokota, kikaanguka tena. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, mdomo umevutwa upande. Mumewe akampigia daktari wa Kampala, simu akaiweka spika. Daktari akauliza vidonge. Hajaruka hata kimoja. Akauliza anakula nini.

"Mboga za majani," nikadakia, tena kwa kujivuna. "Zamani mara moja kwa wiki. Sasa kila siku, mara mbili."

Daktari akasema: "Mama yangu, mboga hizo zikizidi ghafla zinaishinda ile dawa. Damu inaganda. Mpelekeni hospitali sasa hivi."

Getini walimpima joto, wakauliza kikohozi, wakauliza tena. Tulisema moyo, wao wakasikia korona. Tulikaa juani mpaka mchana ndipo damu ikapimwa. Ilikuwa nzito, kama daktari alivyosema. Wakamtibu, wakampigia yule wa Kampala, dozi ikabadilishwa.

Alipona, namshukuru Mungu. Mdomo ulirudi, mkono haukurudi wote. Mpaka leo vifungo vya gauni namfungia mimi, na yeye anatazama pembeni. Hajanilaumu hata siku moja. Angenigombeza mara moja tu, labda ningepumzika.

Wifi anasema zilikuwa wiki nne za kudra, si tatu. Kama kuna jirani anayekumbuka vizuri kunishinda, aje anisahihishe. Nimechoka na kichwa kimezeeka, lakini kosa langu sitaki kuliandika dogo kuliko lilivyokuwa.