Magazini ya Baba na Magazini ya Kabeya

Jumamosi ile mama alikuwa anamgombeza baba kwa sababu ya meza. Meza yenyewe ilikuwa moja tu, ndiyo tuliyolia bukari, ugali wetu, na baba alikuwa amezitandaza risasi juu yake kama mtu anayechagua maharage. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mahali pake tangu kiharusi kilipomnyang'anya miguu. Alisema kitambaa cha meza hakitatoka mafuta yale hata kikifuliwa kwa mchanga. Baba hakuinua kichwa. Alikuwa anaipumzisha magazini ya bunduki yake.

Nieleze kwanza bunduki iliingiaje kwa baba, fundi wa malori ya mgodi. Kaka yangu Kabeya alikuwa askari. Jeshi lilipoacha kuwa jeshi, askari wakavunja maduka ya Kolwezi na kubeba mpaka milango. Kabeya alirudi nyumbani na bunduki moja na magazini mbili, vile visanduku vya chuma vinavyoshika risasi, ambavyo ndani yake mna springi ya kuzisukuma juu moja baada ya nyingine. Alikuja nazo zimejaa tele. Baba alizitazama kwa uso aliokuwa akimtazamia dereva mzembe.

Gereji ya mgodi ilikuwa na desturi yake. Lori lisilo na kazi liliinuliwa juu ya magogo ili springi zisikae na uzito, na fundi aliyesahau alisemwa mbele ya wenzake wote. Baba aliishi kwa sheria hiyo hata nyumbani. Ukijitupa kitandani mchana na kuzilemea springi zake, ulisikia habari zako.

"Resori ni resori," baba alimwambia Kabeya, akimaanisha springi. "Ukiiacha inabeba muzigo kila siku, siku utaiita haitaamuka."

"Tata, ile haichokake na kukaa. Inachokaka na kupanda na kushuka. Mi nilikuwa mu jeshi."

"Na jeshi yako iko wapi?"

Mwishowe waligawana. Magazini ya Kabeya ilibaki imejaa vilevile, ikafungwa kwenye shuka kuukuu na kuwekwa juu ya kabati. Ya baba ilimwagwa kila Jumamosi, ikafutwa, ikapakwa grisi ya gereji, ile nyeusi nzito ya malori, kisha Jumapili baada ya misa ikajazwa upya. Mimi nilikuwa upande wa baba. Kila alichokitengeneza kilitembea, na nilimpenda.

Siku hizo tulikuwa tunasubiri. Babu yangu aliletwa na mgodi kutoka Kasai akiwa kijana, lakini baba alizaliwa Kolwezi, nami nilizaliwa Kolwezi, na hiyo Kasai tuliijua kwa nyimbo za matanga tu. Haikusaidia kitu. Wakubwa walisema redioni kwamba turudi kwetu, vijana wakatuita wadudu, na asubuhi moja baba alizuiwa kwenye lango la gereji na watu aliowafundisha kazi mwenyewe. Familia moja baada ya nyingine ilihamia stesheni kungoja treni, ikilala chini ya maturubai.

Sisi tulibaki kwa ajili ya mama. Hakuweza kutembea. Baba hakuwa na nguvu za kumbeba mpaka stesheni, Kabeya akimbeba asingeweza kushika bunduki, na njiani vijana walikuwa wanawavua watu hata viatu. Hofu yetu yote ilikuwa hiyo moja, jinsi ya kumfikisha mama stesheni akiwa hai. Niliamka nayo na kulala nayo.

Aliyetupa njia ni Mama Yav, jirani yetu, Mlunda wa kabila la wenyeji, tuliyechota naye maji kwenye bomba moja tangu nikiwa mtoto. Jumatatu iliyofuata ile Jumamosi ya meza, Kabeya alikuwa ameondoka alfajiri kwenda stesheni kuulizia treni. Mama Yav alipita kwenye ua wa nyuma, akaongea nami jikoni kwa sauti ya chini.

"Ngalula, leo batakuya huku. Yav ataleta toroli. Atamutia mama mule ndani na kumufunika na mablanketi. Bale batafikiri ni bitu aliiba. Hakuna mutu atamuuliza kitu."

Ilikuwa akili nzuri. Kila kundi lililokuja kupora lilikuja na matoroli, na mwanaye Yav, kijana mwenye mabega mapana, angepita katikati yao bila kusimamishwa. Nilimwambia baba. Akaitikia kwa kichwa, akakaa mlangoni na bunduki. Mimi niliingia chumbani kumfunga mama shuka, asiteleze torolini.

Nikasikia kelele kutoka upande wa soko.

Kabeya aliingia mbio kwa mlango wa nyuma, akihema. Alikuwa amewatangulia kidogo tu.

"Bale beko kwenye kona," alisema.

Kupitia mlango wa chumba niliona baba akitoka kibarazani na kufyatua moja hewani. Kelele zikakatika.

Akafyatua tena. Bunduki ikalia tiki, basi. Risasi ya pili haikupanda.

Aliivuta, akaipiga kwa kiganja, akaivuta tena. Mikono ile iliyofungua injini kubwa kuliko nyumba yetu ilishindwa na kisanduku kimoja cha chuma. Huko barabarani mtu alicheka, na kicheko kikaenea.

Wakaanza kuja.

Kabeya alimnyang'anya bunduki. Alichomoa magazini ya baba, akachomeka yake, aliyokuwa ameishusha juu ya kabati na kuitoa kwenye shuka.

Iliimba yote mpaka risasi ya mwisho. Haikukwama hata mara moja.

Nilipotoka chumbani barabara ilikuwa tupu, ndala zimetapakaa kila mahali. Baba alikuwa ameshika ukuta. Karibu na geti letu toroli lilikuwa limesimama, na mbele yake Yav amelala kifudifudi. Kabeya alikuwa ameona kijana anayekimbia na toroli mbele ya kundi, anaelekea moja kwa moja kwenye mlango wetu. Nani angeona kingine?

Mama Yav alikuja bila kukimbia. Alikaa chini, akakiweka kichwa cha mwanaye mapajani. Nilitaka kumshika, akanizuia kwa mkono. Kabeya aliilaza bunduki tupu chini kwenye vumbi.

"Mutie mama mu toroli muende," Mama Yav alimwambia baba. "Njo ile kitu Yav alikuya kufanya. Bale batarudi."

Tulimtia mama torolini. Baba alisukuma, mimi nikashika upande, Kabeya akafuata nyuma mikono mitupu. Mablanketi yalikuwa yameshawekwa mle ndani, yamekunjwa vizuri. Yalikuwa ya kitanda cha Yav.

Treni ilichelewa sana kuja, kisha ikatupitisha Tenke na kutupeleka Mwene-Ditu, kule Kasai, mji ambao hata njia ya sokoni ilibidi tuulize. Baba hakushika tena spana. Miaka mingi baadaye nilimuuliza fundi wa silaha kuhusu ule ubishi. Alisema springi nzuri haidhuriki kwa kukaa imekandamizwa, huchoka kwa kujazwa na kumwagwa, na kwamba grisi nzito hukusanya vumbi hadi risasi zishindwe kupanda. Basi Kabeya ndiye aliyekuwa sahihi. Sikumpelekea habari hiyo. Ningeomba, kama kuomba kungefaa kitu, kwamba siku ile magazini yake nayo ingalikwama.

Nilirudi Kolwezi mara moja tu, nikiwa na mvi. Nilimkuta Mama Yav upande wa Mutoshi, akiosha mawe ya shaba mtoni pamoja na wanawake wengine, mgongo umepinda. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Mama yako alifikaka?" aliuliza.

Nikamwambia alifika. Nikamwambia aliishi akaona wajukuu, na alikufa kitandani mwake.

Aliyakung'uta maji mikononi.

"Basi," alisema, "Yav alimufikisha."