Mama Vifungo Akata Urefu wa Deni

Mke wa kaka yangu mkubwa ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Vifungo. Ukimdai chenji, atakupa sarafu na kifungo juu yake, maana mfukoni mwake vyote vinalala pamoja.

Yeye na kaka walikopa benki, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu. Rangi nilipaka mimi, na ile michirizi ya ukuta wa sebuleni ni yangu pia. Shida ilikuwa moja tu. Kaka ni mlinzi wa hospitali, na angestaafu mwaka mzima kabla ya mkopo kuisha.

"Mtu atoke kazini aanze kuhangaika na rejesho la benki? Thubutu!" alisema shemeji.

Basi kila msimu wa sare za shule cherehani yake haikupoa, na hela iliyozidi aliipeleka benki juu ya rejesho la kawaida. Baada ya miaka kadhaa akataka kujua amefika wapi. Kaka alikuwa zamu, akanichukua mimi.

"Wewe simama tu nyuma yangu, shemeji. Wakinidharau, kohoa."

Nilisimama nikiangalia viatu vyangu. Dada wa dirishani alitazama kompyuta yake, akatabasamu.

"Hongera, mama! Umeshalipia mpaka mwisho wa mwaka ujao. Unaweza kupumzika."

"Na mkopo unaisha lini?"

"Tarehe ni ileile."

"Na riba?"

"Haijabadilika."

Shemeji akashika kiuno. Hivyo ndivyo anavyoiangalia cherehani ikimkorofisha. "Mwanangu, sasa hela zangu ziko wapi?"

"Zipo, mama. Mwezi ukifika, tunakata rejesho humo. Hukusema zipunguze deni lenyewe."

"Kumbe! Mimi nakimbizana na sare huku, zenyewe zimekaa kwenye benchi zimekunja nne!"

Foleni nzima ikacheka, na dada pia. Kisha akaeleza vizuri: riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki, kwa hiyo deni likipungua leo, riba nayo inapungua kuanzia leo.

"Tukizishusha kwenye deni, unataka rejesho la kila mwezi liwe dogo, au miaka ipungue?"

Shemeji akanigeukia. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Taratibu, shemeji, utatutoboa masikio," akasema, akamrudia dada. "Kiuno kiache kilivyo. Kata urefu."

Dada alifikiri kidogo. "Yaani rejesho lilelile, miaka ipungue?"

"Hapo hapo. Gauni fupi."

Dada akabonyeza-bonyeza, akataja mwezi mpya wa mwisho. Shemeji akatoa vifungo mfukoni, akavipanga juu ya kaunta, kifungo kimoja kwa kila mwezi kutoka mwezi huo wa mwisho mpaka kaka astaafu. Vilikuwa viwili. Deni lingetangulia kuondoka, kaka afuate. Nikajikuta nakohoa, na hakuna aliyekuwa amemdharau mtu.

Jioni kaka alisikia habari akajinyoosha kwenye kochi. "Kwa hiyo nikistaafu, kazi yangu ni kukaa barazani na chai."

"Utakaa, mume wangu," shemeji akamwambia, akimsogezea bakuli la vifungo. "Na hivi utavishona hukohuko. Nani kakwambia mimi nastaafu?"

Kaka akanitazama nimtetee. Mimi nikanywa chai.