Muzee Peke Yake kwenye Orodha

Wewe ulizaliwa wapi? Usijibu haraka. Juzi, katika duka la kuchapisha huku Kadutu, mtaa wa Bukavu, dada mmoja alikuja na kompyuta yake kuchapa orodha ya ukoo wao, kila mtu na mahali alipozaliwa. Baba yake alikaa kwenye benchi, kofia magotini.

"Tena!" dada alifoka. "Papa, nilikuandika Costermansville, ni vile muji ulikuwa unaitwa wakati ulizaliwa. Mara ya tatu hii nakuta Bukavu! Ni mudogo wangu anachezea mashini yangu."

Akarudisha jina la kikoloni. "Kanuni ni jina la siku ile," alinieleza mimi niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Nami, kwa kuwa nilisoma historia chuo kikuu, nikaitikia kwa kichwa kama profesa. Sisi tuliosoma tunapenda sana kuwa sahihi.

Kompyuta ikapanga upya majina kwa mahali pa kuzaliwa: Bukavu, watu kumi na wanne; Costermansville, mtu mmoja.

Muzee akainuka, akalisogelea jina lake, akaligusa kwa kidole.

"Muache mudogo wako, hana kosa."

"Nani basi, Papa?"

Akakunja kofia mara mbili.

"Maman yenu, aliyetutoka, munamuandika Bukavu kwa sababu alizaliwa kisha jina kubadilika. Nyinyi wote muko Bukavu naye. Mimi munaniacha kule peke yangu, mu muji ya Wazungu." Akashusha sauti. "Kila ukienda misa, nafungua mashini. Ni mimi nilifuta, mwanangu."