Uzinduzi wa Kompyuta ya Mwalimu Cleopa

Safari ya Dodoma Mwalimu Cleopa aliiua kwa maneno matamu. Alimwambia mkewe, Yusta, kwamba kwenda kwenye mahafali ya binti yao ni kujitesa bure: mtakaa viti vya nyuma kabisa, jua la utosi, na Natalia mwenyewe mtamwona kadogo kama punje ya ulezi. Hela ya nauli na malazi angeagizia vipande vya kompyuta Dar, aviunge mwenyewe hapohapo sebuleni kwao Mikumi, na siku yenyewe wangemtazama mtoto mubashara kwenye kioo kipana, uso mzima, mpaka kidoti cha shavuni. Yusta alikuwa ameshashona gauni la safari.

"Una hakika, Mwalimu?"

Mwalimu akacheka tu. Gauni likarudi sandukuni.

Tusimwonee, hakuwa mjinga. Ni mzaliwa wa Vidunda, kalelewa na shule ya misheni, kafundisha jiografia mpaka kastaafu, na spika za kanisa zikikorofisha anaitwa yeye. Vipande vilipofika na basi, aliviunga wiki nzima, miwani ikiwa puani, akifuatisha video kwenye simu. Diski ilikuja na programu zake tayari kutoka dukani. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe, basi. Na hicho kitufe, jamani, hakukibonyeza.

"Kitu kikubwa hakiwashwi kabla ya kuzinduliwa," alisema.

Kisima huzinduliwa, darasa huzinduliwa, hata choo cha shule huzinduliwa, mgeni rasmi akashika mkasi mbele ya mlango wa choo. Mwalimu alikuwa amepiga makofi kwenye uzinduzi wa watu tangu ujana wake, na hakuwahi kuzindua chake hata siku moja. Joha, jirani yao, alimuuliza kama si busara aijaribu kwanza kidogo, mlango ukiwa umefungwa. Mwalimu alimwona mama wa watu hajui itifaki.

"Jirani, sasa mgeni rasmi atazindua nini, kitu kilichokwisha kuzinduliwa chumbani?"

Siku ya mahafali ikafika. Kompyuta ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikazungushiwa utepe mwekundu. Majirani wakajaa sebuleni, pilau ikanukia kutoka uani, na Yusta akakalishwa kiti cha mbele ndani ya lile gauni lake. Mgeni rasmi, Mzee Bonifas, mwenyekiti wa kitongoji, alichelewa, kwa sababu mgeni rasmi anayewahi si mgeni rasmi. Alipofika akapokea shikamoo zake zote, akakata utepe, akabonyeza.

Feni ikavuma. Taa za bluu na nyekundu zikawaka ndani ya boksi. Weee, vigelegele! Mzee Bonifas akaona mambo yameiva, akaanza hotuba ya maendeleo. Alikuwa ameshafika kwenye upandaji miti ndipo mtu mmoja akauliza mbona kioo ni cheusi tii.

"Inajipanga," alisema Mwalimu.

Haikujipanga. Akaizima, akaiwasha: feni, taa, giza. Ushauri ukamiminika kama hakuna aliyekuja kwa ajili ya pilau. Huyu akasema umeme mdogo, yule akasema vumbi la barabarani, Mzee Bonifas akapendekeza ipigwe kofi ubavuni kama televisheni za zamani. Mwalimu hakuwasikiliza. Akachomoa waya wa kioo, akaurudisha; giza. Akakiunganisha kioo na king'amuzi, kikaleta picha safi kabisa, tena ya mieleka, na vijana wakashangilia. Kumbe kioo kizima. Ugonjwa umo ndani ya boksi.

"Mama Natalia," Joha akaita, simu mkononi, "wameshaanza kuita majina. Njoo tuangalie humu."

Mwalimu alisikia kiti cha mkewe kikilia nyuma yake. Akasema bila kugeuka, "Dakika moja tu, Mama Natalia! Utamwonaje mtoto kwenye kisimu?"

Halafu akasikia kiti kikilia tena, na sauti ya Yusta: "Weka simu, Joha." Joha akasonya, akaiweka. Mwalimu alishukuru moyoni. Aibu ilikuwa imemkosakosa.

Akaizima kompyuta, akafungua ubavu wa boksi, akaanza kukagua kitu kimoja kimoja, jasho likimdondoka. Waya huu upo. Ule upo. Akagusa vile vibao viwili vya memori, vikacheza kama jino la mtoto. Lahaula! Kwenye video yule fundi alivikandamiza mpaka vikalia ka! na Mwalimu akaona ule ni ushenzi. Yeye alivilaza mahali pake kwa ncha za vidole, kwa adabu zote za misheni, maana kitu cha thamani hakilazimishwi. Hasira zikampanda. Aliikasirikia mashine, akamkasirikia mwenyekiti aliyekuwa ameanza kutafuna, na zaidi ya wote akajikasirikia mwenyewe. Akavishindilia kwa dole gumba. Ka! Ka!

Akarudisha waya wa kioo, akabonyeza kitufe, na kioo kikawaka. Makofi! Mwalimu akayatafuta matangazo ya chuo, na picha ikaja, pana, angavu: uwanja mtupu, na vijana wawili wanapanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine.

"Lo, kioo hiki!" alisema Mzee Bonifas. "Mpaka miguu ya viti inaonekana."

Yusta alikuwa bado anakitazama kioo. Simu ya Mwalimu ikalia, akaipokea kwa spika.

"Shikamoo baba! Mmeniona? Walivyoniita niliikabili kamera nikawapungia mikono yote miwili! Wenzangu wananionea huruma eti wazazi hawajaja. Nikawaambia, wangu ndio walioniona vizuri kuliko wote. Baba? Umeniona, eti?"

Mwalimu akageuka kumtazama mkewe. Yusta akasimama, akaichukua simu mkononi mwake, bila ukali.

"Tumekuona, mwanangu," alisema. "Ulipendeza. Baba yako mpaka sasa hivi analia."

Na kweli, alikuwa analia.